Kofia Nyekundu kwenye Picha ya Nadhiri

Prospero Cavassa hakupenda kupanda ngazi za kanisa la mlimani, na watu wa Murtola walidhani ni mgongo. Aliwaacha wadhani hivyo. Alikuwa serahangi, msimamizi wa mabaharia, aliyeacha bahari kabla ya wakati, mwanamume wa miaka arobaini na mitano mwenye mabega ya kubeba nanga, na kila alipoalikwa kupanda alishika kiuno, akakunja uso, akaomba radhi. Mgongo wake ulikuwa mzima kama wa punda. Kilichomuuma ni picha.

Ilikuwa picha ndogo tu, upana wake haufiki urefu wa mkono, imetundikwa ukutani upande wa kushoto katikati ya nyingine zaidi ya mia. Hakuna nyumba pale kwetu iliyopeleka mtu baharini ikakosa picha yake katika ukuta ule. Mabaharia wakibanwa na bahari waliweka nadhiri kwa Mama Bikira, na wakitoka salama walichanga, wakaenda Genova kwa mchoraji, wakachorewa merikebu yao jinsi ilivyokuwa saa ile ya kufa na kupona: mawimbi, matanga yaliyochanika, watu wote sitahani, na juu kwenye kona Mama Bikira ndani ya wingu lake. Wenye merikebu nao walichorewa, ila wao walitaka maji yametulia, bendera mpya na jina la merikebu kwa herufi za dhahabu, waitundike sebuleni wageni waione. Tajiri alinunua bahari shwari na baharia akanunua dhoruba, na mchoraji alikuwa yuleyule.

Sheria za picha hizo hazikuandikwa popote lakini hata wajukuu walizijua. Kila aliyeokoka lazima awemo, hata kama ni tone tu la rangi, maana asiyechorwa ni kama hajashukuru. Tena kila mmoja huchorwa palepale alipokuwa. Sura hazikuonekana, kwa sababu kichwa kizima kilikuwa kidogo kuliko punje ya mtama. Watu walitambuana kwa kofia za sufu, ambazo wake na mama walizifuma nyumbani, kila nyumba na rangi yake. Jumapili baada ya misa wanawake walipanda viti na kuonyeshana kwa kidole, yule wangu, yule wako, yule shemeji yako mwenye kofia ya kijani. Hakuna aliyewahi kuuliza kama picha inasema kweli. Nani angethubutu kumdanganya Mama Bikira kwa rangi ya mafuta?

Prospero alithubutu. Na hakufanya hivyo kwa ushujaa wa mwizi, bali kwa unyonge wa mtu anayefunga mdomo.

Ilikuwa mwaka 1868, mwezi wa Machi. Merikebu yao, Nuova Costanza, yenye milingoti miwili, ilikuwa inarudi kutoka Marsiglia na watu kumi na mmoja. Adhuhuri upepo wa kaskazini ukawavamia. Usukani ukawa mzito kwa mtu mmoja, kwa hiyo wakaushika wawili, Prospero serahangi na Lazzaro Bozzo, baharia mtu mzima, mpole, mwenye mikono iliyobeba msalaba mkubwa wa kijiji kila maandamano ya Septemba bila kutetemeka. Nahodha alijifunga kwenye mlingoti mkuu. Wanane waliobaki walikuwa mbele wakipiga pampu. Mvua na povu viliufanya mchana kuwa moshi, aliye mbele hamwoni aliye nyuma.

Wimbi lilikuja kwa nyuma. Prospero aligeuka akaliona likiinuka, likizidi kuinuka, kisha akauachia usukani. Miaka yote iliyofuata alitafuta neno jingine lililo laini zaidi na hakulipata. Aliuachia, akaruka hatua mbili, akajitumbukiza katika tundu la ngazi ya kushukia chini, akavuta mlango juu yake. Akakaa kwenye kipandio cha mwisho na vidole masikioni, yeye, serahangi mzima, aliyekuwa akiwafokea wengine kwa kukohoa tu wakati wa zamu zao. Hata kwa vidole masikioni alimsikia Lazzaro akimwita kwa jina. Alimsikia tena mara ya pili. Baada ya hapo hakusikia kitu.

Alipopata nguvu ya kutoka alikuta merikebu inakwenda sawasawa, kama mtu mwenye akili zake. Lazzaro alikuwa ameuegemea usukani na macho yamefumba. Alikuwa amevua mshipi wake wa sufu, ule wa kijani wenye michirizi ya njano, akaufunga usukani nao ili usizunguke, na mkono wake wa kuume ukanasa ndani. Usukani ulikuwa umeuvunja mkono huo mahali pawili na kumpiga kichwani. Prospero alitoa kisu akaukata mshipi pande zote mbili za fundo, akambeba Lazzaro mgongoni, akamshusha ngazi na kumlaza chini. Kisha akarudi juu na kuushika usukani, na safari hii aliushika vizuri sana. Hilo ndilo lililomharibu, maana nahodha alipofika nyuma alimkuta serahangi peke yake, amesimama imara, maji yakimtiririka.

Nahodha alimpiga bega kwa furaha, akamuuliza Lazzaro yuko wapi. Prospero akajibu kwamba yuko chini, ameumia. Maneno yote hayo yalikuwa ya kweli. Nahodha akachungulia tunduni, akamwona mtu amelala chini ya ngazi na mkono umevunjika, akayaunganisha mengine mwenyewe. Mdomo wake ukapinda kidogo. Prospero aliuona ule mdomo ukipinda, na akanyamaza. Mshipi uliokatwa alikuwa ameusokomeza ndani ya shati.

Alijipa moyo kwamba Lazzaro akizinduka atasema mwenyewe. Lazzaro alizinduka siku ya tatu. Alikumbuka asubuhi ile walivyoloweka mikate mikavu kwenye mchuzi wa dagaa, akakumbuka nani alimwaga bakuli lake, na zaidi ya hapo hakukumbuka chochote. Aliuliza aliumiaje. Waliokuwepo wakatazamana, mmoja akasema labda alianguka ngazini, na Prospero akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

Wakafika nyumbani, wakachanga kwa ajili ya nadhiri, na kwa kuwa yeye ndiye serahangi wakamtuma Genova kwa mchoraji. Fundi Arboco alikuwa na chumba chini ya matao ya bandarini. Mtu huyo alichora bahari maisha yake yote lakini hata ngalawa ya kuvukia ilimtapisha. Alikuwa na bahari zake tayari, zimerundikwa ukutani, shwari upande huu na dhoruba upande ule, zinangoja tu kuwekewa merikebu. Aliivuta dhoruba moja, akachovya brashi, akauliza watu wangapi.

"Kumi na mmoja," akasema Prospero. "Nahodha kwenye mlingoti mkuu. Wanane kwenye pampu."

"Hao tisa. Bado wawili."

Prospero hangeweza kumpeleka mtu kwenye pampu, maana watu wa pampu walijuana. "Mmoja kwenye usukani," akasema. "Mmoja kwenye tundu la ngazi."

"Anapanda au anashuka?"

"Nusu ndani, nusu nje."

Arboco akacheka puani. Akasema hakosekani mmoja, kila merikebu ina panya wake. Kisha akamtazama mteja wake juu hadi chini, mabega yale, na kofia nyekundu kichwani. "Na usukani ni wewe, serahangi. Mwili huo haukuumbwa kukaa tunduni."

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yake. Ilikuwa wazi, haina mtu mwingine ndani yake, ni mchoraji na brashi tu.

"Chora unavyoona," akasema.

"Na yule wa tunduni, kofia yake rangi gani?"

Prospero alitazama mlangoni, ambapo mama mmoja alikuwa akiuza mikate ya mafuta. "Ya buluu," akasema.

Picha ikatundikwa. Jumapili ya kwanza wanawake walipanda viti, wakahesabu kofia, na kabla ya chakula cha mchana kijiji kizima kilikuwa na jina jipya la Lazzaro Bozzo. Walimwita Lazzaro wa Tundu. Hawakumpiga wala kumfukuza. Walitania tu, na utani wa watu wanaokujua tangu utotoni ndio mbaya kuliko matusi. Akiingia mahali mtu alimwonyesha uvungu wa meza, akamwambia nafasi ipo. Walisema mkono umevunjika kwa mbio za kushuka ngazi. Hakuna nahodha aliyemchukua tena, ingawa kwa mkono ule mkavu asingefaa sana. Akabaki kushona nyavu kwa mkono wa kushoto na meno.

Lazzaro mwenyewe alipanda kuitazama picha pamoja na mkewe, Benedetta. Kisha akaikunja kofia yake ya buluu aliyoishika mkononi, akaitia mfukoni, na hakuonekana kuivaa tena. Aliamini. Angekosaje kuamini? Alikuwa hakumbuki kitu, na pale ukutani palikuwa na ushahidi aliopewa Mama Bikira. Benedetta, ambaye ulimi wake ulikuwa unajulikana mpaka kijiji cha pili, hakusema lolote juu ya picha. Alilalamikia mshipi. Alisema miezi miwili amefuma mshipi ule, na sasa mume amerudi na mkono mmoja na suruali inamdondoka.

Mwezi wa Septemba ikabidi apatikane mtu mwingine wa kuutanguliza msalaba katika maandamano. Wakampa Prospero, mtu wa usukani. Aliubeba mwaka mmoja, uso umemwiva, huku akimwona Lazzaro pembeni ya njia akimpigia makofi kwa kujigonga paja, kwa sababu makofi ya mkono mmoja ni taabu. Mwaka uliofuata mgongo ukaanza kuuma. Bahari pia aliiacha, akawa anapaka lami mashua za watu kwenye banda lake ufukweni. Aliogopa kwamba siku yoyote akipanda merikebu, Mama Bikira ataizamisha pamoja na wasio na hatia.

Lakini yote hayo angeyavumilia kama si tini. Kila mwaka, wiki ya sikukuu hiyo ya Septemba, Lazzaro alimletea kikapu cha tini za mti wake, za kwanza kuiva. Alikiweka mezani kwa mkono wa kushoto, akasema maneno yaleyale: kwamba amesikia kutoka kwa nahodha nani aliwaokoa wote siku ile, na kwamba hatasahau. Kisha alikwenda zake, akavua viatu, akapanda ngazi mia na ishirini na nane za mawe kwa magoti, kumwomba Mama Bikira msamaha kwa kumwacha mwenzake peke yake na usukani. Prospero alibaki na kikapu. Hata moja haikupita kooni. Aliwatupia nguruwe wa jirani, na kwa miaka tisa nguruwe hao walinenepa kwa aibu yake.

Mwaka wa tisa unyevu wa ukutani ukaipanda picha. Padre Erasmo, mzee mwenye huruma nyingi na masikio mazito, alimwomba Prospero aipeleke Genova ikasafishwe kabla ya sikukuu, kwa kuwa ndiye aliyeiagiza. Prospero aliifunga kwenye shuka na kwenda nayo. Njia nzima aliikumbatia kifuani bila kuitazama.

Arboco alikuwa amezeeka, ana miwani miwili, mmoja puani na mwingine kwenye paji la uso. Alifuta ukungu, akapaka upya wingu na mawimbi, akauliza kama kuna kingine.

"Kofia," akasema Prospero. "Ya kwenye usukani iwe ya buluu. Ya tunduni iwe nyekundu."

Mzee alimtazama juu ya miwani. Alichovya, akagusa hapa, akachovya tena, akagusa pale. Miaka tisa, na kazi yenyewe haikuzidi muda wa kupiga chafya mara mbili.

"Nimechora dhoruba mia mbili na zaidi," akasema akipangusa brashi. "Wewe ndiye wa kwanza kurudi kurekebisha."

Prospero aliitundika mwenyewe alfajiri ya siku ya sikukuu, kanisa likiwa tupu, kisha akateremka upesi akaenda kujifungia nyumbani. Alikuwa amejiandaa kwa mawe na mate. Wataona, alijiambia, wataelewa, na mimi sitalazimika kufumbua mdomo. Nisimfiche msomaji, hapo alikuwa Prospero yuleyule wa chini ya ngazi: mara ya kwanza aliiacha rangi imsemee uongo, na sasa alitaka rangi imsemee ukweli.

Watu waliona, kweli. Baada ya misa alisikia miguu mingi ikiteremka kuelekea nyumbani kwake, akasimama katikati ya chumba na mikono yake kando. Mlango ukafunguliwa na mwanamke wa jirani mwenye mkate wa mafuta wa moto. Nyuma yake alikuwepo mwingine na mvinyo, nyuma yake wengine tena, na nusu yao walikuwa wanalia. Walimbusu mashavuni. Padre Erasmo, walisema, ameigeuza mahubiri yake yote: kwamba yuko mtu hapa Murtola aliyekuwa na mahali pa heshima mbele ya Mama Bikira, akamwachia mwenzake aliyefedheheka, na yeye mwenyewe akakubali tundu. Kanisa zima lilitoa leso. Mtu mmoja alimwomba Prospero aushike mkono wa mwanawe ili abarikiwe.

Aibu ya zamani alikuwa ameizoea, kama mtu anavyozoea jino bovu. Hii ilikuwa mpya. Alikaa kitini na mkate uleule mapajani, masikio yanamchoma, akijaribu kusema na kila mara akikatizwa na busu. Waliona anavyoinamisha kichwa, wakasema tazama na unyenyekevu wake. Hatimaye wakaondoka mmoja mmoja.

Alasiri Lazzaro akaja. Hakuleta tini. Magoti ya suruali yake yalikuwa yamechanika kwa mawe ya ngazi, mekundu kidogo, na nyuma yake alikuwepo Benedetta, amejifunga mtandio wa sikukuu. Lazzaro hakusalimu.

"Rudisha kofia yangu ilipokuwa," akasema.

"Kaka Lazzaro, kaa kwanza."

"Sikai. Umenihurumia, nimeona, na kijiji kizima kimeona. Lakini umemdanganya Mama Bikira kwa ajili yangu, na dhambi hiyo mimi siibebi. Nilikimbia mara moja. Sasa nisimame mahali pa mwenzangu niliyemkimbia?"

"Hukukimbia."

"Usinibembeleze. Mimi si mtoto."

"Nakwambia hukukimbia. Aliyekuwa tunduni ni mimi."

Lazzaro akatikisa kichwa taratibu, hata akatabasamu kwa huzuni. "Una moyo mzuri kupita kiasi," akasema. "Ndiyo taabu yako, Prospero."

Kwa miaka tisa Prospero alikuwa akiogopa siku atakayosema na watu wamwamini. Haikuwahi kumjia kwamba atasema na asiaminiwe. Alisimama, akaenda kwenye sanduku lake la safari lililokuwa chini ya kitanda, akatoa makoti, akatoa bomba la tumbaku na ramani iliyochakaa, na chini kabisa akatoa kitu kilichofungwa katika kitambaa. Kabla hajakifungua, Benedetta alikichukua mwenyewe.

Alikifungua. Rangi ya kijani ilikuwa imefifia, njano bado ipo. Alitafuta ncha, akapapasa kwa kidole gumba mahali alipokuwa akimalizia kazi zake kwa mshono wake mwenyewe. "Huu wangu," akasema polepole. "Nilikulaani mwaka mzima kwa huu mshipi, Lazzaro."

Ulikuwa vipande vitatu, viwili virefu na kimoja kifupi, na katika kile kifupi lilikuwepo fundo ambalo halijafunguliwa. Lazzaro alilipokea kwa mkono wake mzima. Murtola kila baharia ana namna yake ya kumalizia fundo, na ile ya Lazzaro aliirithi kwa baba yake, inayorudi nyuma mara mbili na kujificha chini. Hakuna mwingine aliyeijua, na tangu mkono ulipokauka hata yeye hakuweza tena kulifunga. Kidole chake kililizunguka fundo, kikaufuata mshipi unakoingia na unakotokea.

"Hili nimelifunga mimi," akasema.

"Ulifunga usukani. Mkono wako ukabaki ndani. Nilikata ili nikutoe."

"Na wewe ulikuwa wapi?" akauliza Benedetta, ingawa alikuwa amekwisha sikia. Alitaka aseme tena.

"Chini ya ngazi, shemeji. Na mlango nimevuta." Akamgeukia Lazzaro. "Uliniita mara mbili. Nilisikia zote mbili."

Lazzaro ndipo akakaa. Alikigeuza kile kipande cha mshipi mkononi, na nje wapita njia walikuwa wanaimba wimbo wa sikukuu.

"Miaka tisa nimepanda kwa magoti," akasema mwishoni. "Nimeomba nisamehewe. Kumbe nilikuwa nakuombea wewe?"

Machozi yalikuwa yanamtoka Prospero, na aliona haya hata kuyafuta, kana kwamba nayo ni kitu cha kuomba asifiwe.

"Na tini zangu ukawa unakula," akasema Benedetta.

"Sikuzila, shemeji. Sikuweza. Niliwapa nguruwe wa jirani."

"Basi nguruwe walikuwa na shukrani kukuzidi."

Prospero akasema kesho atapanda mlimani kwa magoti, ngazi zote, mbele ya kila mtu. Lazzaro aliinua kichwa, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na ukali.

"Hapana. Magoti nimeshapanda mimi, mara tisa. Wewe utapanda kwa miguu, utasimama chini ya picha, na utasema kwa mdomo wako."

Kesho yake, siku ya pili ya sikukuu, alipanda. Mgongo haukuuma. Misa ilipokwisha alisimama upande wa kushoto chini ya picha na kusema, na hata pale wapo walionong'ona jamani huyu mtu hachoki kujidhili kwa ajili ya rafiki. Basi Benedetta akapita mbele na kuliinua lile fundo juu, akawapa mabaharia walio karibu walipapase. Walipasiana kutoka mkono hadi mkono. Minong'ono ikakoma safu kwa safu, kutoka mbele hadi mlangoni. Lazzaro alikuwa wa mwisho kulipokea. Alilitundika kwenye msumari chini ya picha, akatoa kofia ya buluu mfukoni, na kwa kuwa alikuwa kanisani hakuivaa, aliishika tu kifuani. Kisha aliitazama picha akiwa amesimama wima.

Hakuna aliyemrushia Prospero jiwe. Waliacha tu kumwita serahangi. Jina la Tundu lilihamia kwake pamoja na kofia, na alipoitwa hivyo aliitika. Mashua za kupaka lami zikapungua, akamwomba Padre Erasmo kazi ya kufagia kanisa, akapewa. Yeye ambaye hakutaka kupanda ngazi zile akawa anazipanda kila alfajiri. Wageni walipokuja kutazama picha, matajiri wa Genova na wake zao, wakisifu mawimbi na matanga, aliwaachia wamalize, kisha akasogea na ufagio wake na kuwaonyesha lile tone jekundu lililo nusu ndani, nusu nje. Aliwaambia ndiye yeye. Wengine walicheka wakidhani ni mzaha wa mzee, naye akarudia mpaka wakaacha kucheka. Uso ulimwiva kila mara, mara ya kwanza na mara ya mia tatu.

Lazzaro alipanda kila Septemba kwa miguu yake. Akipita karibu aliinamisha kichwa, Prospero naye akainamisha, na maneno hayakuvuka hapo. Tini hazikuletwa tena. Ikawa hivyo miaka kumi na mmoja, hadi majira ya baridi ambayo Lazzaro aliugua kifua, akafa na kuzikwa na kofia yake ya buluu. Prospero alichimba kaburi pamoja na wengine, na hakuna aliyemzuia.

Septemba iliyofuata Benedetta alipanda peke yake, amezeeka, akipumzika kila baada ya ngazi kumi, na kikapu mkononi. Alimkuta Prospero anafagia chini ya picha. Alikiweka kikapu juu ya benchi, akaketi kando yake, akapanga nguo zake nyeusi.

"Alisema nikuletee," akasema. "Lakini utakula hapahapa, mbele yangu, nione."

Prospero akaegemeza ufagio ukutani. Alichukua tini ya kwanza, akaila, akachukua ya pili, na Benedetta alimtazama mpaka kikapu kikabaki na majani matupu.